Dawa ya magugu 2,4-D: mahindi salama, kunde zimekwisha

Naandika uchungu ukiwa haujanitoka. Shamba letu liko Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, mahindi na kunde humo humo, kama wengi tunavyolima huku. Masika haya mbigili na mchicha pori vilinishinda, vibarua hawapatikani, nikaenda duka la pembejeo kuuliza dawa.

Kijana akanitolea chupa ya 2,4-D. "Mamangu, hii inachagua. Mahindi haigusi." Basi. Hakuniuliza nimechanganya nini na hayo mahindi. Maandishi ya chupa ni madogo kama mayai ya chawa, na miwani sina.

Nilipulizia asubuhi, upepo umetulia. Kesho yake kunde zimejisokota, vikonyo vimepinda chini, ncha zimekunjamana kama ukili uliosukwa na mtoto. Siku chache mbele mashina yakavimba, yakapasuka. Kumbe dawa hii huiga homoni ya mmea: wenye majani mapana hulazimika kukua ovyo mpaka ukafa. Mahindi ni jamii ya nyasi, yanaivumilia. Na kunde ni majani mapana! Neno hilo moja ndilo nililohitaji kuambiwa.

Nikarudi dukani na shina mkononi. Hata kulishika hakutaka. Akanijibu mbele ya wateja, "Sasa mama, kwani dawa ina macho?" Wakati wa kupokea pesa ilikuwa inachagua, sasa haina macho! Dawa hii inauzwa tangu miaka ya 1940, na swali la "humo umepanda nini" bado halijamfikia.

Haki niseme: mbigili imekwisha. Naingia shambani pekupeku, mahindi yamesimama kijani kibichi, ndago tu ndiyo iliyobaki. Mwenye mahindi matupu ningemwambia anunue, na ndivyo nilivyokusudia kuandika. Lakini nikikumbuka mavyaa alivyoinama kung'oa kunde zake, mboga aliyokuwa akiifunga mafungu kupeleka sokoni, wala asinilaumu kwa neno lolote, moyo unakataa. Usinunue. Au nunua, ila si kwa mtu asiyekuuliza shamba lako lina nini.

Chupa imebaki nusu, nimeifungia stoo. Mavyaa ameshapanda kunde nyingine upande wa pili wa mwembe. Bomba la kupulizia analiweka chumbani kwake.