Programeri gani ya kununua kama makuta ni kidogo: adapta, Nano, USBasp, Pico, PICkit

Programeri ni kintu cha kuingiza programu ndani ya mikrokontrola, ile chipu ndogo yenye kuongoza projet. Nitoe jibu mwanzo, juu najua bengine batasoma hapa tu na kwenda ku soko: kama makuta yako inatosha kintu kimoja, nunua adapta ya USB-seriali yenye iko na jampa (kakipande ka kuunganisha pini) ya kuchagua 3.3 volti ao 5 volti. Mu masoko ya China ya mtandaoni inachezaka kati ya dola moja na tatu. Ikifika hapa Lubumbashi bei itapanda, juu ya transpo, dwani na faida ya mwenye kuleta, lakini zingine ntataja nazo zitapanda, kwa hiyo hii inabaki kati ya zile za bei chini.

Najua bantu bengi banatafuta kintu kenye kuitwa programeri, na adapta haiitwe vile. Shida njo inaanzia hapo. Hakuna programeri moja ya bei chini yenye kufungua chipu yote, kila familia iko na mulango yake. ATmega328P ya Arduino Uno na ATtiny85 inaingiliwa na ISP, waya sita: MISO, MOSI, SCK, RESET, VCC na GND. STM32 inaingiliwa na SWD, waya mbili, SWDIO na SWCLK, ukiongeza masi (GND) na umeme. PIC iko na ICSP yake, na zile za zamani banazipendaka mu mashule zinadai karibu volti 13 ku pini ya MCLR. ESP32 na ESP8266 haidai programeri hata kidogo, ni seriali tu. Sasa ukifika ku muuzishaji na kusema "papa, nipe programeri ya mikrokontrola", atakupa ile iko mu kartoni yake siku ile, na yeye hana kosa. Soma kwanza namba yenye imeandikwa ku mugongo ya chipu, njo uanze kuuliza bei.

NAMBA 1: adapta ya USB-seriali

Naiweka mbele juu inafanya kazi mingi kuliko bantu banavyofikiri. Arduino Pro Mini yenye haina USB inaandikiwa nayo. ESP-01 pia, unapeleka GPIO0 ku masi, unawasha, inaingia mu hali ya kupokea programu. STM32F103, ile Blue Pill, iko na butloda ya kiwanda (kaprogramu ka kupokea programu ingine) ndani yake: unahamisha jampa ya BOOT0 ku 1, unafunga waya ku PA9 na PA10, unabonyeza riseti, na inapokea bila ST-Link yoyote. Na AVR (familia ya ATmega na ATtiny) mupya za Microchip, ATtiny za seria 0, 1 na 2, ATmega4809, zile haziko tena na ISP, ziko na UPDI ya waya moja, na adapta ile ile na diodi ao resistansi moja inatosha, avrdude (programu ya mashini ya kuandikia AVR) kuanzia toleo 7.0 inajua kazi hiyo kwa jina la serialupdi. Kisha, siku kazi imeisha, adapta inabaki kuwa masikio yako, unasoma ujumbe chipu inatuma. Programeri ingine nyingi hazifanyake hivyo.

Sasa ukiichagua, chipu ya ndani njo inakuambia utalala muzuri ao apana. CH340 na CP2102 zote ni nzuri, mi napenda CP2102 juu haisumbuake sana na drayva, lakini kama unapata CH340 kwa bei ya chini zaidi chukua, usisite. Na FT232 angalia sana. Zenye zinauzishwa bei chini mingi yake ni kopi, na mu 2014 FTDI walitoa drayva ya Windows yenye ilikuwa inabadilisha namba ya kitambulisho ya kopi kuwa sifuri, mashini haikuitambua tena. Mwenye kuuzisha mara mingi hajui hata yeye kama ni kopi. Kwa makuta kidogo, achana nayo.

Mambo mbili ya kuangalia kabla ya kulipa. Ya kwanza, iko na pini ya DTR, yenye kuiriseti karti bila kidole? Bila DTR utakuwa unabonyeza riseti na kidole kila mara, na inachosha. Ya pili, jampa ya volti: ku adapta zingine inabadilisha tu umeme wa VCC, pini ya TX (ya kutuma) inabaki na volti yake ya siku zote. Kupima ni rahisi, TX ikiwa haitume kintu inakaa juu, kwa hiyo weka multimetre kati ya TX na GND, namba utasoma njo volti chipu yako itakula. Kama unasoma 5 na unataka kufunga ESP, weka resistansi mbili za kugawa volti.

Tena usiwashe ESP na pini ya 3.3 ya FT232. Pini ile inatoa miliampea 50 tu, na ESP ikiwasha wifi inavuta zaidi ya 300 kwa muda mufupi, inaanguka, inajiwasha tena, inaanguka, na wewe unalaumu programu. Nunua regileta ya AMS1117-3.3 na kondensateri, ni senti tu.

NAMBA 2: Arduino Nano (ao Uno yenye uko nayo)

Kama chipu yako ni ATmega ao ATtiny ya ISP, na Uno iko mu nyumba, usinunue kintu. Fungua Arduino IDE, mu mifano kuko programu yenye jina ArduinoISP, unaiweka ku Uno, kisha unafunga 10 ku RESET ya chipu, 11 ku MOSI, 12 ku MISO, 13 ku SCK, na umeme na masi. Weka kondensateri ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya Uno yenyewe, lakini kisha kuweka ArduinoISP, si mbele, juu kazi yake ni kuzuia Uno isijiriseti wakati mashini inafungua mawasiliano. Bantu banaruka kondensateri hii na kusema Uno imekufa.

Kama hauna hata Uno, Nano ya kopi yenye CH340 njo ningenunua. Leo ni programeri, kesho ni karti ya projet, na kwa mwanafunzi wa Polytechnique ya UNILU mwenye anafanya projet moja kwa mwaka hii inamaliza neno. Udhaifu wake ni mwendo, inaenda polepole kidogo, na waya sita za kuchomeka ku bredibodi zinaacha kugusana kila ukisogeza meza.

NAMBA 3: USBasp

Hii njo ile bengi banaijua, karti ndogo na kable ya utepe ya pini 10. Thomas Fischl ndiye aliichora na akaiacha wazi kwa kila mutu, njo maana kopi zimejaa na bei ni dola tatu mpaka tano hivi mtandaoni. Ni kintu kizuri. Naiweka ya tatu juu ya sababu moja tu, kazi yake ni ISP basi, hauwezi kusoma seriali nayo. Lakini kama unaandikia chipu mingi, tuseme unatengeneza makarti ya regileta ya panneau solaire na kuyauzisha, ipande ikuwe namba moja kwako, juu ni ya haraka na kable yake haitoke-toke.

Ukinunua, uliza na ile adapta ndogo ya pini 10 kwenda pini 6. Karti mingi iko na pini 6, na bila kile kakipande utaunga waya moja moja. Ku Windows itadai drayva ya libusb, unaiweka na programu ya Zadig, ku Linux ni ruhusa ya udev tu. Avrdude ikilia kwamba haiwezi kuweka mwendo wa SCK, mara mingi ni famuwea (programu ya ndani ya USBasp) ya zamani, kazi inaendelea tu.

Lakini chipu mupya ikikataa kabisa, usiitupe. ATmega328P inatokaka kiwandani ikitembea na megahezi 1, na programeri ikiongea haraka kuliko robo ya mwendo ule chipu haisikii. Funga jampa ya SCK ya polepole, ao ongeza -B 10 ku amri ya avrdude, na utaona inajibu. Na hapo hapo nitoe onyo juu ya fyuzi (mipangilio ya ndani ya chipu, si fyuzi ya umeme): ukiandika fyuzi yenye kusema kwamba kwarizi (kipande cha kupiga mwendo wa chipu) iko inje na kwarizi haiko, chipu inanyamaza kama maiti, lakini haijakufa, weka kwarizi ya megahezi 8 ao 16 ku miguu yake, itaamuka. Ile ya hatari ya kweli ni fyuzi ya RSTDISBL. Ukizima RESET, ISP haiingie tena, inabaki kuandika kwa volti 12, na USBasp haina volti ile. Kwa hiyo usicheze na fyuzi kama haujapiga hesabu yake kwanza, na kama mashini yako ni ya meza bila betri usiziguse saa SNEL (kampuni ya umeme) iko inakata-kata. Ngoja umeme itulie.

NAMBA 4: Raspberry Pi Pico ao ST-Link ya kopi

Hii ni kwa bantu ya STM32. ST-Link V2 ya kopi, ile inafanana na fulashi, ni dola tatu mpaka tano, na inafanya kazi, na programu ya ST yenyewe, CubeProgrammer, inaongea nayo moja kwa moja. Kama unasoma na vitabu ya ST, chukua hiyo. Ila kabla ya kufunga waya vuta ganda lake na usome majina ya pini ku karti ya ndani, juu kuko zenye ganda linasema hivi na karti inasema vile, na ukipeleka 5 volti pahali pa SWDIO umemaliza.

Mi mwenyewe ningechukua Pico. Ilitoka mu Januari 2021 kwa dola nne, unabonyeza BOOTSEL, unakopia faili ya debugprobe kama vile unakopia muziki, na inakuwa programeri ya SWD: GP2 ni SWCLK, GP3 ni SWDIO, tena GP4 na GP5 ni seriali. Kintu kimoja, kazi mbili. Inaongea na OpenOCD (programu ya mashini ya kutumia SWD) na inaandikia STM32 muzuri, ila kila pini yake ni ya 3.3 volti, usiifunge ku kintu cha 5.

Blue Pill nazo, mingi haina chipu ya ST kweli. OpenOCD ikisema ilingojea 0x1ba01477 na imepata 0x2ba01477, ni chipu ya kopi. Haina maana ni mbovu, unabadilisha namba ile mu amri na kuendelea, lakini bei yake isikuwe ya chipu ya kweli.

NAMBA 5: PICkit, kama prof anakulazimisha

Sitakaa sana hapa. Kama chipu ni PIC16F84A, 16F628A ao 16F877A, PICkit 2 ya kopi bado inatosha, programu yake ni mega chache tu, wakati MPLAB X inakula karibu giga nzima, na bei ya mega tunaijua. PICkit 3 ya kopi inachezaka ku dola kumi na tano mpaka ishirini. Microchip iko na Snap ya bei chini na ya kweli, lakini haitoe volti ya juu na haipe umeme chipu yako, kwa hiyo soma kwanza kama PIC yako inakubali kuandikiwa kwa volti ya chini. Kama prof anakubali kubadilisha chipu, badilisha, makuta ya PICkit 3 moja inanunua Nano, adapta na Pico pamoja.

Zenye ningeacha

CH341A, ile karti nyeusi na soketi ya kijani, bantu ya BIOS banaipenda na biko na haki, ni ya chipu za kumbukumbu za seria 24 na 25. Kwa projet ya mikrokontrola haitakusaidia, na nyeusi mingi inapeleka 5 volti ku waya za data hata kama chipu ni ya 3.3. K150 ya PIC nayo iko na programu ya zamani na chipu ya PL2303 yenye Windows mupya inakataa. XGecu T48 ni kintu cha nguvu, dola hamsini na zaidi, inafaa atelie yenye kupokea kazi ya kila aina, si mutu wa projet moja.

Ku meza ya muuzishaji

Ao inapita mupaka ya Kasumbalesa, ao inakuja na mutu wa Guangzhou, haijalishi, ikifika hapa hakuna kurudisha. Kwa hiyo omba kwa heshima uichomeke mbele yake, "mama, naomba nipime kwanza", mingi banakubali. Na laptop ya Linux andika lsusb: CH340 inajitaja 1a86:7523, CP2102 ni 10c4:ea60, USBasp ni 16c0:05dc, ST-Link V2 ni 0483:3748. Hata telefone yenye kable ya OTG na programu ya terminali ya seriali inaweza. Kwa adapta, funga TX na RX yake yenyewe na waya moja, andika herufi, zirudi zote. Zikirudi, toa waya uandike tena, na hapo hakuna kintu kinafaa kurudi. Kikirudi bado, ni terminali inajionyesha maandishi yake yenyewe, zima ile echo na uanze kupima upya kabla makuta haijatoka mu mufuko.