Vijana wa kusafisha tailizi za balkoni: kazi nzuri sana, ila ulizia bei ya dawa mapema

Kama unakaa ghorofani hapa Dar na balkoni yako ina tailizi ambazo hata udeki vipi zinabaki na mistari myeusi katikati na ule ukungu mweupe unaorudi kila maji yakikauka, hii inakuhusu. Niliita vijana wanaofanya kazi ya kusafisha na kubadilisha grauti, ile saruji laini inayojazwa kwenye maungio katikati ya tailizi, huku Kijitonyama na Sinza, hawana duka wala ofisi, ni fundi na msaidizi wake na pikipiki yao imebeba ndoo na brashi, na kiukweli sijaona mtu anayeishughulikia balkoni kwa akili namna ile ndo maana nimeona niandike kwa urefu.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba fundi hakukimbilia sabuni. Alichukua maji kwenye kikombe akawa anadondosha matone juu ya grauti, huku kidogo, kule kidogo, halafu anachuchumaa anaangalia. Sehemu nyingine tone linakaa juu linang'aa, sehemu nyingine linazama palepale na grauti inageuka rangi. Akanambia, "Dada, tailizi zako hazina shida, shida iko kwenye maungio." Kisha akageuza bisibisi akawa anagonga tailizi moja moja kwa kishikio, nyingi zikalia ko ko ko, zile za karibu na mlango zikalia kama debe tupu, hizo akazichora chaki akasema chini yake gundi haikujaa, maji yakiingia humo hayana pa kutokea.

Na ule ukungu mweupe wenyewe sio uchafu jamani. Maji ya mvua na ya kudekia yanapenya kwenye grauti iliyochoka, yanafika kwenye saruji ya chini, yanayeyusha chokaa na chumvi zake, jua likiwaka yanapanda tena juu na kukauka, maji yanaondoka chumvi inabaki. Ndo maana unafuta leo kesho uko palepale. Balkoni yangu inapigwa na jua la mchana mzima kwa hiyo mchezo huo ulikuwa unaendelea kila siku.

Sasa watu wengi wanaishia kununua asidi kwenye duka la hadwea. Aliyekuwa anafanya usafi hapa kabla yangu aliitumia sana, na fundi alinionyesha kwa kidole kabisa: karibu na ukingo wa tailizi grauti imeshuka, imekuwa na vishimo vidogo vidogo na mchanga wake unatoka ukiukwaruza kwa kucha. Asidi inakula saruji, na grauti ya kawaida ni saruji, kwa hiyo siku ile sakafu inang'aa kweli ila umefungulia maji njia pana zaidi. Na tafadhali sana, msichanganye asidi na Jik, au Jik na ile dawa ya chooni yenye asidi, inatoka gesi ya klorini ambayo inaumiza mapafu, na kwenye balkoni iliyozibwa na kioo ni hatari zaidi. Hili nalisema kwa uzito wote maana nawaona watu wanachanganya ili "ipate nguvu".

Wao walianza kwa kufagia kavu kila kona, halafu wakatumia unga wa kuondolea madoa ya nguo, ule usio na klorini, kwenye maji ya moto. Wanamwaga, wanaacha kama dakika 15 hivi povu lifanye kazi, ndo wanasugua maungio kwa brashi ngumu ya nailoni. Hawakutumia stiliwaya, anasema vipande vyake vinakwama kwenye grauti vinaota kutu unabaki na madoa mekundu. Weusi wote wa kuvu ulitoka. Mafuta ya pale ninapowekaga jiko la mkaa yalitoka kwa sabuni ya maji na maji ya moto tu, kwa sababu tailizi zangu ni poselini, hizo zinanyonya maji chini ya asilimia 0.5, doa linakaa juu. Jirani yangu yeye alibandikiwa za ukutani sakafuni, zile zinanyonya hata zaidi ya asilimia 10, kwake doa la mafuta limeshaingia ndani na fundi alimwambia ukweli kwamba halitoki lote.

Kazi ya grauti ndo niliyoipenda zaidi. Walikuja nayo jioni jua limepungua, kwa makusudi, kwa sababu grauti ikikaushwa na jua kali inapasuka na kuwa unga. Wanakwangua ya zamani kwa kisu chenye meno, taratibu wasiguse kingo za tailizi, wanapiga brashi vumbi lote, wanalowesha kidogo. Kisha wanaisukuma grauti mpya kwa ubao wa mpira wakikata mshazari, sio kufuata mstari, ukifuata mstari ubao unaichota tena. Sponji yao ilikuwa imekamuliwa mpaka haidondoshi. Nilimuuliza mbona anakamua hivyo akasema maji mengi juu ya grauti mbichi yanaosha saruji na rangi inabaki mabakamabaka. Wakafunika nailoni wakaondoka.

Pembeni, pale sakafu inapokutana na ukuta na kwenye miguu ya nguzo za reli, hawakuweka grauti, waliweka silikoni, ile gundi ya mpira inayovutika. Sakafu inatanuka na joto, ukuta una mwendo wake, grauti ya pale lazima ipasuke na hapo ndo maji yanapopitia kwenda kwenye dari la mtu wa chini. Kuna mafundi wanajaza saruji tu kila mahali, hawa hapana.

Yasiyonipendeza sasa. Bei niliyoambiwa ni 5,000 kwa mita ya mraba kusafisha tu, 12,000 ukiongeza na grauti, nikakubali, halafu mwishoni ndo naambiwa dawa ya kupaka juu ya grauti isinyonye maji ni hela nyingine. Dawa yenyewe ni ya maana, inapakwa baada ya kama siku 3 grauti ikishakauka, na nimeona tone la maji linakaa juu sasa, ila mtu aambiwe mwanzoni. Pia walichelewa bila kupiga simu. Na rangi: grauti ikiwa mbichi ni nyeusi kuliko itakavyokuwa, mimi nilichagua kijivu ikakauka kijivu cha kupauka, bado nzuri, ila omba uone kipande kilichokauka kwanza. Nyeupe usichukue kwa nje, vumbi la Dar na kunguru hawatakuacha.

Kuna kona moja maji yanatuama hadi leo. Hapo siwalaumu, waliniambia kabla kwamba mteremko uliwekwa vibaya tangu ujenzi, inatakiwa angalau sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, na grauti haiwezi kurekebisha hilo. Walichofanya ni kutoa majani ya mwarobaini yaliyoziba tundu, maji yanakimbia vizuri kuliko mwanzo, yanayobaki nayasukuma kwa ule mpira wa mpini mrefu.

Tangu hapo nafagia kavu kabla ya kudeki maana vumbi likilowa linakuwa tope linaingia kwenye maungio, sabuni ya maji naweka kidogo tu, siki sitii kabisa kwa sababu nayo ni asidi, na kwa kuwa hapa tunatumia maji ya kisima yenye chumvi nakausha na kitambaa badala ya kuacha yakauke yenyewe. Vyungu vya maua nimevinyanyua kwa vipande vya mbao, chini yake pumzi inapita.

Zile tailizi zinazolia tupu hawakuzigusa, wanasema kuzing'oa na kubandika upya ni kazi ya peke yake na wanaipigia bei tofauti. Nimepanga nao Januari, joto la kutosha na masika bado, gundi ipate kushika kabla mvua za Machi hazijaanza. Ukiwaita waambie kabisa wakupe bei ya kusafisha, grauti, silikoni na dawa ya juu kwa pamoja, na waambie waje jioni.