Vitabu vya Sauti kwa Watoto wa Miaka 6 hadi 13: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Anayenunua kitabu cha sauti hununua msomaji kwanza, hadithi baadaye. Kitabu cha kuchapwa kikiwa na mwanzo mzito, mtoto anaweza kuruka kurasa mbili tatu akakutana na mambo mbele. Lakini sauti ikimchosha ndani ya dakika kumi za mwanzo, atavua hedifoni na hatakirudia tena, na fedha za mzazi zitakuwa zimekwenda na maji. Kwa watoto wetu wa Afrika Mashariki jambo hilo lina uzito zaidi, kwa sababu vitabu vingi vya sauti vya watoto vinavyouzwa mtandaoni ni vya Kiingereza, na mtoto aliyejifunza Kiingereza darasani humwelewa mwalimu wake kwa urahisi kuliko anavyomwelewa Mmarekani anayesoma mbio. Kwa hiyo orodha hii imepangwa kwa kigezo kimoja kinachotangulia vingine vyote: je, mtoto ambaye Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani kwao ataweza kuifuata hadithi hadi mwisho bila mtu mzima kukaa kando yake akimfafanulia? Tuzo, jina la mwandishi na filamu iliyotokana na kitabu vimepewa nafasi ya pili.

Nafasi ya kwanza ninaipa When Stars Are Scattered cha Victoria Jamieson na Omar Mohamed, kilichotoka mwaka 2020. Ni kisa cha kweli cha utoto wa Omar mwenyewe, mkimbizi wa Kisomali aliyekulia katika kambi ya Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, akimtunza mdogo wake Hassan. Hassan ana ulemavu, hushikwa na kifafa, na katika kitabu kizima hutamka neno moja tu, "Hooyo", yaani mama kwa Kisomali. Analisema akifurahi, analisema akiogopa, na analisema akimtafuta kaka yake. Katika toleo la kuchapwa, ambalo ni la michoro ya katuni, neno hilo ni herufi tano tu ndani ya kiputo, na macho huzipita haraka. Katika toleo la sauti, neno lilelile linabeba kila kitu ambacho Hassan anataka kusema, na msikilizaji hulazimika kukisia maana kutokana na namna linavyotamkwa, kama Omar alivyolazimika kufanya kila siku.

Mtu anaweza kushuku, na kwa haki, kwamba kitabu cha katuni kikiondolewa michoro kitabaki mifupa mitupu. Hapa haikuwa hivyo, kwa sababu badala ya msomaji mmoja walitafutwa waigizaji kadhaa, wakiwamo Faysal Ahmed na Barkhad Abdi, ambao wote ni Wasomali waishio Marekani, na hadithi ikasukumwa kwa mazungumzo. Kwa mtoto wa shule ya Kenya au Tanzania hiyo ni faida mara mbili: sentensi za mazungumzo ni fupi, na lafudhi iko karibu na ile anayoisikia mitaani. Mambo yenyewe pia hayahitaji maelezo marefu, kwani foleni ya maji, mgawo wa chakula, mpira wa kufungafunga, na kijana anayejiuliza nani atabaki na mdogo wake akienda shule, ni mambo ambayo wengi wameyaona au kuyasikia. Mzazi ajue tu kwamba ndani yake mna vita, kufiwa na baba, kupotezana na mama, na wasichana ambao masomo yao yamo hatarini kwa sababu ya ndoa za mapema. Kwa hiyo kinafaa kuanzia miaka 9, na ni vyema mtoto asikilize mahali ambapo anaweza kuuliza maswali.

Kinachofuata ni The Wild Robot cha Peter Brown, kinachosomwa na Kate Atwater. Kilitoka mwaka 2016, lakini filamu ya mwaka 2024 imekirudisha midomoni mwa watoto, na kwa walio kati ya miaka 7 na 10 sijaona kinachokizidi kwa urahisi wa kufuatwa. Roboti aitwaye Roz anazinduka kisiwani pasipo na binadamu, anajifunza lugha ya wanyama kwa kuwasikiliza kimya kwa muda mrefu, kisha anajikuta akimlea kinda la bata bukini. Kwa kuwa Roz ni mashine, anazungumza kwa sentensi kamili, zilizonyooka, zisizo na misimu ya mtaani, na mtoto anayejifunza Kiingereza anajikuta yuko darasa moja na mhusika mkuu. Sura zake ni 80, nyingi fupi sana, kwa hiyo mzazi anaweza kusema "sura mbili tu, kisha kulala" na ahadi hiyo ikatimizika. Mtoto akikipenda, mwendelezo upo: cha pili ni cha mwaka 2018 na cha tatu ni cha mwaka 2023. Aliyekwisha kuiona filamu asizuiwe kusikiliza, kwa sababu kujua kisa mapema humpunguzia mzigo wa lugha.

Nafasi ya tatu ni ya Tristan Strong Punches a Hole in the Sky cha Kwame Mbalia, cha mwaka 2019, kinachosomwa na Amir Abdullah. Tristan ni kijana wa Chicago, mzaliwa wa ukoo wa mabondia, ambaye amempoteza rafiki yake na kupelekwa kwa babu na bibi yake huko Alabama, na huko anatumbukia katika ulimwengu ambamo Anansi, buibui mjanja wa ngano za Afrika Magharibi, John Henry, shujaa mwenye nguvu wa ngano za Waamerika Weusi, na wanyama wa ngano wanaishi pamoja. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi za Sungura mjanja atamtambua ndugu yake mara moja, kwani Brer Rabbit, sungura mjanja wa ngano za Kusini mwa Marekani aliyemo humu, alivushwa bahari na watu waliotekwa Afrika. Kuna pia kidoli kidogo cha ulimbo, Gum Baby, kinachojitaja kwa jina lake badala ya kusema "mimi" na kumtukana kila mkubwa kinayekutana naye. Watoto hucheka sana. Kasoro yake ni urefu, maana kinazidi saa kumi, na mazungumzo mengi ni ya Kiingereza cha Waamerika Weusi, ambacho masikio huhitaji muda kukizoea. Ningesubiri mtoto afikishe miaka 10 au 11.

Impossible Creatures cha Katherine Rundell, cha mwaka 2023, nimekiweka cha nne kwa sababu ya msomaji wake zaidi ya kingine chochote. Samuel West ni mwigizaji wa Uingereza mwenye matamshi safi, na kwa watoto waliofundishwa kwa vitabu na mitihani ya mkondo wa Uingereza, kama ilivyo kwa wengi Kenya, Tanzania na Uganda, sauti hiyo haina ugeni mkubwa. Kisa ni cha visiwa vilivyofichwa ambamo viumbe wa hekaya bado wanaishi. Si kitabu cha upole. Watu wanakufa, na mwandishi hamfichi mtoto jambo hilo. Cha tano ni Amari and the Night Brothers cha B.B. Alston, cha mwaka 2021, kinachosomwa na Imani Parks: msichana Mweusi wa Atlanta anamtafuta kaka yake aliyepotea na kugundua idara ya siri inayoshughulikia viumbe wa ajabu. Kinakwenda kwa kasi, kinachekesha, na huwashika hata wale wasiopenda kusoma.

Sasa nije kwenye kile ambacho wengi wangetarajia kukiona juu kabisa. The Eyes and the Impossible cha Dave Eggers kilipata Tuzo ya Newbery mwaka 2024, ambayo ndiyo heshima kubwa ya vitabu vya watoto Marekani, na msomaji wake ni Ethan Hawke, mwigizaji maarufu wa filamu wa Marekani. Msimulizi ni mbwa huru aitwaye Johannes, anayeishi katika bustani kubwa kandokando ya bahari na kuwapelekea nyati wazee watatu habari za yote anayoyaona. Ni kazi nzuri, na Hawke anaisoma kwa ari ya kweli. Lakini Johannes ni mwenye majigambo, anatia chumvi, anakimbia kwa maneno kama anavyokimbia kwa miguu, na mzaha wake mwingi umo ndani ya lugha yenyewe. Mtoto ambaye bado anatafsiri kichwani atabaki nyuma kabla ya mbwa huyo kufika mwisho wa aya. Kwa mtoto anayezungumza Kiingereza nyumbani, hasa walio ughaibuni, kipandishwe hadi nafasi ya pili. Kwa wengine kibaki hapa cha sita, kikisubiri mwaka mmoja au miwili.

Funzo la kununulia linatoka hapo. Tuzo ya Newbery hupima maandishi, wala haimsikilizi msomaji. Anayetaka mwongozo wa sauti aangalie Tuzo ya Odyssey, ambayo Chama cha Maktaba cha Marekani kimekuwa kikiitoa tangu mwaka 2008 kwa vitabu vya sauti vya watoto na vijana, na ambayo huhukumu usomaji na utayarishaji wenyewe.

Matoleo mapya ya Harry Potter yanastahili onyo la peke yake, kwa kuwa yametangazwa sana. Kuanzia tarehe 4 Novemba 2025, Audible, duka la vitabu vya sauti la kampuni ya Amazon, ilianza kuvitoa vitabu vyote saba upya kwa mtindo wa mchezo wa redio, vikiwa na waigizaji zaidi ya 200, akiwamo Hugh Laurie kama Dumbledore na Riz Ahmed kama Snape. Kwa mtoto anayekijua kisa ni burudani kubwa. Kwa anayekutana nacho mara ya kwanza katika lugha ya pili, muziki, milio na sauti nyingi zinazopishana ni vurugu tu, na usomaji wa zamani wa Stephen Fry, mtu mmoja anayezibadili sauti bila kuharakisha, bado ni ununuzi bora zaidi.

Kwa wadogo wa miaka 6 hadi 8 nitarudi nyuma kidogo, kwa kitabu cha zamani kuliko vile vya orodha. Nelson Mandela's Favorite African Folktales ni cha mwaka 2009, lakini ngano zake ni fupi, kila moja ina msomaji wake, miongoni mwao Samuel L. Jackson, Helen Mirren na Don Cheadle, na mtoto asiyempenda mmoja huhamia kwa mwingine bila kupoteza uzi. Upande wa Kiswahili, soko ni dogo mno, na ni afadhali kusema hivyo waziwazi kuliko kumtuma mzazi kutafuta kisichokuwapo. Kilichopo cha bure ni hadithi fupi za African Storybook, mradi wa Afrika Kusini wenye vitabu vingi vya Kiswahili, na tovuti za Global Storybooks zilizochukua hadithi hizo na kuziwekea sauti katika lugha mbalimbali. Pitia hizo kwanza kabla ya kufungua pochi.

Kuhusu bei, uanachama wa Audible uitwao Premium Plus kwa Marekani ni dola 14.95 kwa mwezi, na humpa mteja haki ya kitabu kimoja. Usiitumie haki hiyo kwa kitabu cha saa mbili au tatu, kwani vitabu vifupi vya watoto mara nyingi huuzwa kwa fedha taslimu chini ya kiasi hicho. Iweke kwa vile virefu kama Tristan Strong. Ulivyonunua hubaki vyako hata ukijitoa. Asiye na kadi ya benki anaweza, kwa Kenya, kutumia kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay.

Tofauti moja haiandikwi kwenye matangazo, nayo ina maana kubwa nyumbani. Faili za Audible zimefungwa, na hufunguka ndani ya programu yake au vifaa vinavyokubaliana nayo tu, maana yake mara nyingi mtoto lazima ashike simu, na simu ina michezo. Libro.fm, duka jingine la vitabu vya sauti mtandaoni, huuza faili za MP3 zisizofungwa, ambazo unaweza kuziweka kwenye flashi au memori kadi na kuzichezesha kwenye ile redio ndogo ya kuchaji inayouzwa kila soko. Watoto watatu wakasikiliza pamoja mkekani, na simu ikabaki mfukoni mwa mama. Haki za mauzo hutofautiana kwa nchi na kwa kitabu, kwa hiyo hakikisha kitabu unachokitaka kinauzwa ulipo kabla ya kujiunga. Kwa upande wa bando, sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu megabaiti 29 kwa saa, hivyo kitabu cha saa kumi hakifiki megabaiti 300, na kikishapakuliwa hakihitaji intaneti tena.

Kabla ya kulipa, soma mistari miwili chini ya jina la kitabu. Wa kwanza utakuambia kama ni toleo kamili au lililofupishwa. Yaliyofupishwa hukata sura nzima, na mtoto anayefuatilia kwa kitabu cha kuchapwa mkononi atapotea. Wa pili ni jina la msomaji: ukikuta maneno "Virtual Voice", hiyo ni sauti ya kompyuta, na kwa hadithi ya mtoto haifai kwa bei yoyote. Kisha mpe mtoto mwenyewe kile kipande cha majaribio cha dakika chache, kisikilizwe mara moja tu, na umwombe akusimulie kwa Kiswahili kilichotokea. Akikusimulia nusu, inatosha kununua. Masikio huzoea, na mwendo wa kusoma unaweza kupunguzwa kidogo ndani ya programu. Asipoweza kukutajia hata mhusika mmoja, panda nafasi moja juu kwenye orodha au rudi kwa Roz wa The Wild Robot. Walio Uingereza, Marekani na Kanada wasinunue chochote kabla ya kujaribu programu ya Libby kwa kadi ya maktaba ya umma, ambako vingi vya hivi huazimwa bure; vinavyopendwa huwa na foleni ya wiki kadhaa, kwa hiyo jiandikishe kwa viwili au vitatu kwa mkupuo.