Pakiti ya Kichina ya rovu: soma maandishi kabla ya kubandika chungu

Nyota mbili kati ya tano, nazo ni za ubora wa majani. Matumizi yake hayapati hata moja mpaka mgonjwa awe na karatasi ya TSH, kipimo cha damu cha tezi ya shingo, mkononi.

Pakiti hii ni ile ya kuchemsha, inayouzwa kavu kwenye maduka ya dawa za asili hapa Mombasa kwa jina la "dawa ya tezi", yaani tezi ya shingo inayotoa homoni; uvimbe wake ndio rovu. Ndani mna utepe mpana, mweusi, mgumu kama ngozi. Huo ni kunbu, mwani wa bahari za baridi. Vumbi jeupe lililo juu yake watu hudhani ni ukungu, kumbe ni chumvi na sukari ya mwani wenyewe. Ukungu wa kweli una manyoya na hunuka uvundo, huo tupa. Vitawi vyembamba vyenye vipovu vidogo kama mbegu ni haizao, ambao jamaa zake humea kwenye miamba ya pwani yetu. Vichwa vya maua ya hudhurungi ni xiakucao, na vipande vya manjano vyenye utamu ni gancao. Kama karatasi ni ya Kichina tupu, tafuta 昆布, ni kunbu, na 海藻, ni haizao. Ukiviona viwili hivyo, jua umeshika dawa ya iodini.

Na hapo ndipo penye shida. Ge Hong, tabibu wa Kichina, aliandika tangu karne ya 4 jinsi ya kutibu rovu kwa haizao, na alikuwa sahihi kwa wagonjwa wake: watu wa bara walivimba shingo kwa kukosa iodini. Mtu wa Kisauni au Likoni anakula samaki, na chumvi ya pakiti nchini Kenya hutiwa iodini kwa sheria. Tezi yake ikisumbua, uwezekano mkubwa ni kwamba sababu ni nyingine: kinga ya mwili kuishambulia tezi hadi ilegee, yaani Hashimoto, au kuichochea ikimbie kupita kiasi, yaani Graves, au vinundu. Kwa hao wote mwani mwingi unaweza kuharibu zaidi.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito 250. Kipimo cha kawaida cha kunbu katika dawa za Kichina ni gramu 6 hadi 12, na gramu moja ya kunbu mkavu mara nyingi hubeba zaidi ya mikrogramu 1,000. Gramu 6 tu ni mahitaji ya siku 40 au zaidi katika chungu kimoja. Mpishi akichemsha kunbu akamwaga maji, sehemu kubwa ya iodini huenda na maji. Huku tunayoyanywa ni hayo maji! Tezi iliyochoka hujifunga ikizidiwa na iodini, na yenye vinundu huweza kulipuka: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, mwili kukonda. Mjamzito asiiguse kabisa.

Gancao nayo si ya kuongeza utamu tu. Ikinywewa kwa wiki kadhaa hupandisha presha na kushusha potasiamu, kwa hiyo anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza aiepuke. Wachina wenyewe wanaiweka gancao na haizao katika orodha ya dawa zisizochanganywa, ingawa ipo fomula ya zamani ya rovu inayozichanganya.

Mwenye upungufu wa iodini uliothibitishwa, na daktari anajua anachokunywa, aroweke dawa nusu saa kwenye chungu cha udongo au sufuria ya enameli, si ya chuma wala alumini, achemshe, kisha aache moto mdogo dakika 20 hadi 30. Hata huyo chumvi yenye iodini humtosha, na ni rahisi zaidi.

Kosa linalotuumiza kuliko yote ni mgonjwa kuacha levothairoksini, yaani vidonge vya homoni ya tezi, kwa sababu ameanza majani. Dawa hiyo hukaa mwilini, nusu yake huchukua kama wiki moja kutoka, basi siku za mwanzo mtu hujiona mzima na kuisifu pakiti. Uchovu, baridi na uvimbe wa uso huja baadaye. Kidonge kimezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya maziwa na mahamri. Vidonge vya madini ya chuma na kalisi vikae mbali nacho saa nne. Ramadhani, kimeze nusu saa kabla ya kula daku, au usiku saa tatu baada ya mlo wa mwisho. TSH ipimwe tena wiki 6 hadi 8 baada ya kubadilisha dozi, na vidonge vya nywele vyenye bayotini, aina ya vitamini, viachwe siku mbili kabla, maana hupotosha majibu.

Anayependa tiba ya Kichina ana sindano za akupancha, nyembamba na zisizo na dawa ndani. Hazirudishi homoni, lakini wapo wanaopata nafuu ya usingizi na maumivu. Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele yako. Nukta ya Zusanli, vidole vinne chini ya goti upande wa nje, haina tatizo. Mtabibu akitaka kuuchoma sindano uvimbe wa shingo wenyewe, inuka uondoke.