Defender ya Windows dhidi ya minyoo ya barua pepe: makufuli mazuri, mawili huja wazi

Kwa duka, zahanati au ofisi yenye kompyuta chache, Defender inayokuja na Windows 10 na 11 inatosha kupambana na minyoo ya barua pepe. Hakuna sababu ya kulipia antivairasi nyingine kila mwaka. Ila haitoshi ikiachwa kama ilivyokuja: sehemu zake mbili zilizo kali zaidi dhidi ya adui huyu huwa zimezimwa, na wengi hawajui hata kama zipo.

Mnyoo si sawa na kirusi cha kawaida, kwa kuwa haungoji kubebwa na faili jingine, hujituma wenyewe. ILOVEYOU, uliozuka Ufilipino Mei 2000, bado ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ya wakati ule, kama ya leo, ilificha herufi za mwisho za jina la faili, hivyo mtu aliona .TXT akadhani ni maandishi matupu. Akishabofya, skripti (faili la amri zinazojiendesha) ilijinakili kwenye folda ya mfumo kwa jina la MSKernel32.vbs, ikajiandikisha kwenye rejista, yaani orodha ya mipangilio ya Windows, ili iamke kila kompyuta inapowashwa, ikafungua kitabu cha anwani cha Outlook na kujituma kwa kila aliyemo. Kisha ilipita kwenye diski, ikiandika nakala zake juu ya picha za .jpg. Faili za .mp3 ilizificha tu.

Mydoom wa Januari 2004 haukuhitaji hata Outlook. Ulikuwa na injini yake ya kutuma barua, ulikusanya anwani kutoka kwenye faili zilizomo diskini na kughushi jina la mtumaji. Ndiyo maana mtu aliyelaumiwa kwa kusambaza virusi mara nyingi kompyuta yake ilikuwa safi.

Katika hali yake ya kawaida, Defender hukagua kila faili linapoandikwa kwenye diski na linapofunguliwa. Hapo inafanya kazi nzuri. Haioni ndani ya zip iliyofungwa kwa nywila mpaka uifungue, na mbinu hiyo Emotet, programu hasidi iliyosambaa kwa barua pepe, iliitumia sana: barua inakuja kama jibu la mazungumzo yenu ya zamani, zip imefungwa, nywila imeandikwa humohumo kwenye barua. Ukiona nywila na zip vimekuja katika barua moja, mpigie simu mtumaji kabla ya kugusa chochote.

Kufuli la kwanza lililo wazi ni kanuni inayozuia programu na skripti zilizotoka kwenye barua pepe zisiendeshwe. Haina kitufe kwenye menyu. Kwenye toleo la Pro, fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi, andika haya katika mstari mmoja:

Add-MpPreference -AttackSurfaceReductionRules_Ids be9ba2d9-53ea-4cdc-84e5-9b1eeee46550 -AttackSurfaceReductionRules_Actions AuditMode

Acha wiki moja au mbili. AuditMode haizuii kitu, inaandika tu kila ambacho ingezuia; utaviona kwenye Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha matukio, kumbukumbu ya Windows Defender, tukio namba 1122. Kama hakuna faili halali la kazini humo, rudia amri ileile na badala ya AuditMode weka Enabled.

La pili ni Controlled folder access, na hili ningeliwasha hata kama nisingegusa jingine lolote. Lipo Windows Security, Virus & threat protection, kisha Manage ransomware protection. Linazuia programu zisizoaminika kubadilisha faili kwenye Documents, Pictures na folda nyingine za mtumiaji. Injini za skripti nazo haziaminiwi, kwa hiyo mnyoo wa aina ya ILOVEYOU ungekwama mlangoni mwa picha zako. Kero yake ni kwamba programu za zamani za uhasibu zinazohifadhi kazi ndani ya Documents nazo zitagoma kuhifadhi. Usilizime kwa sababu hiyo. Bofya Allow an app through, uiongeze hiyo programu moja. Na ujue kwamba ukisakinisha antivairasi nyingine, Defender inakaa pembeni na makufuli yote mawili yanalala.

Udhaifu unaotuhusu sana huku ni flashi. Faili lililopakuliwa kutoka intaneti hupewa alama ya siri, na Word ikiiona inazuia makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya hati. Alama hiyo inakaa kwenye diski zilizopangwa kwa mfumo wa NTFS, si kwenye FAT32 wala exFAT inayotumika kwenye flashi nyingi. Pakua kiambatisho intaneti kafe, kiweke kwenye flashi ya FAT32 au exFAT, kipeleke ofisini: alama imepotea, na Word inaliona faili kama la nyumbani. Lililobaki hapo ni ukaguzi wa Defender peke yake. Basi wafanyakazi wafungue barua kwenye kompyuta ya ofisi yenyewe. Pia onyesha majina kamili ya faili: kwenye File Explorer ya Windows 11 ni View, Show, File name extensions.

Mnyoo ukishaingia, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi kwanza, maana kila dakika unatuma barua. Kwa kompyuta nyingine iliyo safi, pakua kutoka Microsoft faili la masasisho ya Defender, lile la biti 64 kama mashine ni ya biti 64, ulilete na kuliendesha. Kisha kwenye Windows Security chagua Scan options, Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajiwasha upya na kukagua kwa kama dakika 15 kabla Windows haijaamka, wakati mnyoo hauwezi kujificha. Badilisha nywila za barua kwenye ile kompyuta safi, na ukague kama hakuna kanuni mpya inayopeleka barua zako kwa mtu mwingine. Picha zilizoandikwa juu Defender haizirudishi. Hizo zitatoka kwenye diski ya akiba, nayo uichomeke baada ya ukaguzi kumalizika, si kabla.