Wavu wa kivuli au shitingi? Uzoefu wangu wa kutunza marobota ya nyasi Goma

"Papa, hii si ya kulazia kuku?" Mama mmoja wa Katindo, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, aliniuliza hivyo mwaka juzi mbele ya rundo langu la marobota, na hakununua hata moja. Nilikata kamba ya robota la juu nimuonyeshe. Ndani nyasi zilikuwa za kijani, zinanukia kama majani ya chai; nje zilikuwa na rangi ya mkeka wa zamani. Lakini mtu akishaona mkeka, chai haimshawishi tena.

Nyasi ninakata upande wa Rusayo kuanzia mwezi wa sita, mvua ikishakatika, na ninafunga kwa sanduku la mbao, robota moja karibu kilo 20. Ninauzia hapa Ndosho kuanzia mwezi wa nane, malisho ya watu yakiisha. Mwaka ule nilikuwa nimeweka bati juu tu, ubavu nikauacha wazi upande wa jua la alasiri. Jua ndilo lililokula rangi.

Mwaka uliofuata nikaruka upande wa pili kabisa. Nilichukua shitingi, yaani turubai la plastiki, ile nyeupe tunayoijua wote hapa, nikafunga rundo zima kama mzigo wa kupanda boti ya Bukavu. Wiki mbili baadaye nikainua kona asubuhi. Matone yamejipanga chini ya plastiki kama jasho kwenye paji la uso, na marobota ya juu yameshika ukungu mweupe. Nikaingiza mkono katikati: joto. Nilishtuka, maana nyasi zilizofungwa na unyevu zinaweza kuwaka zenyewe. Kosa la kwanza lilikuwa langu, nilifunga kabla hazijakauka. Lakini shitingi ndiyo iliyoyazuia yale maji yasipate pa kutokea.

Tangu hapo sifungi kabla ya kujaribu kwa chumvi. Nachukua konzi ya nyasi, nazikata vipandevipande, natia kwenye chupa kavu ya mayoneze pamoja na chumvi kavu, natikisa dakika mbili hivi. Chumvi ikishikana, nangoja siku nyingine ya jua. Ikibaki inamwagika vizuri, nafunga.

Sasa wavu. Mwaka huu nilinunua ule mweusi wa kivuli wanaotandika juu ya vitalu vya miche, mita 15 kwa dola 40, baada ya kubishana sana. Nimeutundika kutoka kwenye bati hadi chini, umbali wa mkono mmoja na marobota, usiyaguse. Hewa inapita, jua linachujwa. Chini nimepanga mawe ya volkano (hayo Goma hatununui) na mbao juu yake, unyevu wa ardhi usipande. Baada ya wiki saba rangi ya nje imefifia kama shati lililofuliwa mara tatu. Si kijani cha siku ya kufunga, ila hakuna tena anayeniuliza habari za kuku.

Kasoro zipo. Muuzaji aliniapia kwamba hauingizi mvua. Uongo mtupu: mvua moja ya upepo mwezi wa nane ilipiga ubavuni, nikatoa marobota manne kuyaanika upya. Ukiukata kwa kisu kingo zinafumuka, inabidi uzichome kidogo kwa mshumaa. Na vumbi letu jeusi linapita bila kubisha hodi, kwa hiyo kabla ya kupakia kwenye chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, ninapiga kila robota kwa ufagio.

Jambo moja nawaambia wateja hata kama linaniharibia soko: nyasi iliyokatwa ikiwa imeshatoa mbegu unaweza kuikausha ikabaki kijani kabisa, na bado ni vijiti vitupu. Afadhali iliyopauka nje lakini ndani ina majani mengi. Jua linapopausha, linaondoa karotini, ile inayompa ng'ombe vitamini A, na hilo linatokea zaidi kwenye ngozi ya robota. Fungua, nusa, shika majani, ndipo ulipe.

Wavu nitaongeza mita 10 za upande wa barabara. Shitingi sasa imefunika banda la kuku. Yule mama wa Katindo alirudi wiki iliyopita, akanusa kwanza, akachukua marobota sita, na akataka nimpunguzie kwa sababu ya yale ya mwaka juzi.