Keane, Hopes and Fears: albamu isiyo na gitaa imetugawa hapa Kirumba

Hii albamu ina zaidi ya miaka 20, ilitoka Mei 2004, kule Uingereza ikakamata namba moja na mwaka uliofuata ikabeba tuzo ya Brit ya albamu bora, ila ukiiweka leo kwenye sabufa ya saluni hapa Kirumba, Mwanza, ni ugomvi mtupu. Kuna wanaotaka irudiwe, kuna wanaotaka wanyolewe fasta waondoke zao. Mimi naipenda ila sio yote.

Kwa asiyewajua, Keane ni bendi, wakati huo ni vijana watatu wa Battle, kamji kadogo tu huko East Sussex. Tom Chaplin anaimba, Richard Hughes dramu, Tim Rice-Oxley yupo kwenye kinanda na ndo mtunzi mkuu. Walikuwa na mpiga gitaa, akatoka 2001, wakaona wasitafute mwingine, kinanda kibebe mzigo wote. Yani hamna solo hamna rithimu, na hapo ndo watu wanapoanza kugawanyika.

Wanaoiponda wanasema nyimbo zote zinafanana. Muuza dagaa mmoja wa pale Mwaloni alivumilia nyimbo tatu akaniuliza "ngosha, huyu mzungu kaachwa na nani mpaka alie albamu nzima?" Nilicheka sana, na siwezi kumbishia kivile maana Chaplin anaimba juu juu muda wote, kila kiitikio kinapanda, kila kitu ni kikubwa, ukifika katikati unachoka. Madogo waliozoea amapiano ndo kabisa, wanasubiri mdundo uingie hauingii wanaondoka.

Af kuna kundi lingine la ajabu kidogo, wanaoijua Somewhere Only We Know, wimbo wa albamu hiihii, kwa mwimbaji Lily Allen, aliirudia 2013 kwenye tangazo la Krismasi la maduka ya John Lewis ya Uingereza, ile ya taratibu kinanda na sauti tu. Hao wakisikia ya Keane wenyewe wanasema ina makelele. Sasa wimbo huohuo huyu anasema unalegea huyu anasema unapiga kelele, tuamini nani?

Nilichokiona mimi ni kwamba tatizo sio kinanda, ni pale kinapokuwa na adabu sana. Rice-Oxley anatumia Yamaha CP70, kinanda chenye nyuzi na nyundo za kweli kabisa ila sauti yake inatolewa kwa umeme kama gitaa, kwa hiyo unaweza kukipitisha kwenye vile vifaa vya kukwaruza sauti kikanguruma. Wanapokichafua hivyo albamu inawaka, sikiliza Bend and Break au Bedshaped inayofunga albamu, mtu asiyeambiwa atakubishia kuwa hakuna gitaa pale. Wanapokiacha kisafi kama kwenye She Has No Time, hapo nakubaliana na muuza dagaa, nairuka kila siku.

Rafiki yangu anapiga kinanda kwaya ya kanisani, yeye anaitetea albamu kuliko hata mimi, anasema kodi zenyewe (chords, zile noti zinazopigwa kwa pamoja) ni nyepesi hata mwanafunzi anazipata, kazi ipo kwenye kugonga, mkono unatwanga kodi ileile kama rithimu huku dramu inasukuma kwa nyuma. Everybody's Changing ndo mfano wake mkubwa. Me kwenye huo wimbo napenda zaidi sauti ya Chaplin kwa sababu hapo hajilazimishi, anaimba kama anaongea mpaka kiitikio kinapofika, angefanya hivyo mara nyingi zaidi sidhani kama watu wangelalamika.

Kitu kingine, sabufa zetu zinaionea hii albamu, besi yake sio ya kutikisa vioo. Nilikuja kuisikia vizuri kwa hedifoni kwenye kivuko cha Kamanga nikienda Sengerema, injini inanguruma lakini vile vitu vidogo vya nyuma kwenye Sunshine vinasikika, saluni havisikiki hata kidogo.

Kama hutaki kuunguza bando shusha Bend and Break, Everybody's Changing na Bedshaped kwanza, zikikukataa hizo usihangaike na zilizobaki. Na nyie mnaolilia gitaa, kwenye albamu yao ya Perfect Symmetry ya 2008 wameliweka pamoja na sinthesaiza kibao, nendeni huko mtuachie kinanda chetu.